Debian inalala ikiwa hakuna aliyeingia. Nitazimaje skrini ya picha bila kuifuta?

bi_steshenari_wete

Assalaam alaykum nyote.

Nina duka la steshenari hapa Wete: fotokopi, kuprinti, kadi za harusi, na ukija msimu wa mitihani ni mazoezi ya skuli rimu kwa rimu. Mbele kaunta nina kompyuta mbili za Windows. Chumba cha nyuma, ubavuni mwa printa kubwa, ipo Dell OptiPlex kongwe yenye kumbukumbu ya GB 4. Mdogo wangu aliitia Debian 12 (mfumo wa Linux) kabla hajenda Unguja kusoma, akaifanya seva. Faili za wateja zinakaa humo, na kila kinachoprintiwa kinapitia humo.

Ikiwaka inaleta ile skrini ya kijivu yenye jina la mtumiaji, unabofya, unaandika neno la siri, kisha yanafunguka madirisha na mapambo yake yote. Mie sina haja nayo. Nataka iwake, ikae na skrini yake nyeusi, ihudumie printa na faili basi. Nikitaka kuishika naingia kwa ssh (njia ya kuiamuru kwa mbali kupitia mtandao) kutoka kwenye laptopu yangu, hilo nalimudu. Sababu nyengine, niseme tu, ni vijana wangu wa duka. Madhali upande wa picha upo, hawakosi sababu ya kwenda nyuma "kuongeza karatasi", na ukiwafuata unakuta karatasi haijaguswa na mpira uko dakika ya sabini.

Lakini kinachonikera zaidi ni hiki. Umeme ukikatika ukarudi, kompyuta inajiwasha yenyewe, mdogo wangu alishaipanga kwenye bayosi. Nikiwapo dukani nakwenda nyuma, naingia kwa neno la siri, na mpaka jioni haina neno. Ila umeme ukikatika usiku ukarudi kabla sijafungua, au Ijumaa tumefunga kwa ajili ya sala, nikija nakuta imelala. Taa ya kitufe inawaka na kufifia polepole, ssh haijibu, na kaunta mtu kasimama na flashi mkononi huku Windows inaniambia printa haipatikani. Nikigusa kibodi cha nyuma mara moja, inaamka kama hakijatokea kitu.

Kwenye mipangilio ya umeme nimeshaiambia isilale kabisa, na nimekwenda kuangalia tena, bado imeandikwa hivyo hivyo. Sasa inalala kwa amri ya nani?

Na msiniambie ninunue UPS, ninayo, ila betri yake imeshachoka. Tangu waya wa baharini kutoka Tanga ufike 2010 hatuko tena kwenye zama za jenereta za Wesha, lakini kukatika kupo, hasa ikivuma mvua ya masika.

Jambo la mwisho: sitaki kuufuta upande wa picha moja kwa moja. Kila mwisho wa mwezi shemeji yangu anakuja kufunga hesabu za duka kwa LibreOffice kwenye kompyuta hiyo hiyo, maana za mbele zina wateja, na yeye bila mausi hafanyi kitu.

---

dogo_terminali

Seva haitaki picha dada. Piga hii, washa upya, umemaliza:

sudo apt purge gdm3 gnome*
sudo apt autoremove

Shemeji mtafutie laptopu.

---

maalim_kikwajuni

Waalaykum salaam Bi Steshenari. Amri aliyokupa kijana hapo juu usiipige. Ile nyota mwisho wa gnome inakokota kila kifurushi chenye jina hilo, na autoremove inayofuata inaweza kuondoka na NetworkManager, msimamizi wa mtandao, kwa kuwa aliingia pamoja nao. Utabaki na skrini nyeusi kweli, na bila mtandao wa kurudishia ulichofuta. Isitoshe mwenyewe umesema hutaki kufuta.

Nianze na hilo la kulala, maana jibu lake umeliandika mwenyewe bila kujua. Ukiingia, hailali. Usipoingia, inalala. Ile skrini ya kijivu si picha tu, ni programu inayoitwa gdm3, nayo inaendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe, kwenye Debian anaitwa Debian-gdm. Huyu ana mipangilio yake ya umeme. Ulipoiambia kompyuta isilale, uliiambia akaunti yako, na maneno hayo yana nguvu ukiwa umeingia. Kabla hujaingia anayeamua ni Debian-gdm, na GNOME (ndiyo huo upande wa picha) iliyomo ndani ya Debian 12 kwa kawaida yake humwambia: dakika 20 bila mtu kugusa kibodi wala mausi, lala. Hajali kama printa inahudumia watu wala kama kuna mtu yumo kwa ssh. Anachohesabu ni kibodi na mausi vya pale pale.

Ukitaka kumshika kwa ushahidi, siku ukiikuta imelala iamshe kisha andika:

sudo journalctl -b | grep -i suspend

Utaona mstari wa kerneli (kiini cha mfumo) unaosema PM: suspend entry, na saa yake. Hesabu tangu kompyuta ilipowaka.

Kwa hiyo shida zako mbili dawa yake ni moja. Skrini ya kuingia isipowashwa, anayeilaza kompyuta hayupo. Kwanza tazama ilivyo sasa:

systemctl get-default

Itajibu graphical.target. Maana yake kila ikiwaka inakwenda mpaka upande wa picha. Ibadilishe:

sudo systemctl set-default multi-user.target

Hakuna kinachofutwa hapo. Inachofanya ni kugeuza kiungo kimoja, /etc/systemd/system/default.target, kielekee pengine. Ukiwasha upya itasimama kwenye skrini nyeusi iliyoandikwa login, huku Samba (ya faili), CUPS (ya printa) na ssh zikiwa zimewaka kama kawaida, kwani hazikuwa zikitegemea picha tangu mwanzo. Kama hutaki kuwasha upya:

sudo systemctl isolate multi-user.target

Ila hiyo inafunga papo hapo kila kilichofunguliwa upande wa picha, na haiulizi kama umehifadhi. Usiipige shemeji yuko katikati ya hesabu.

Kuna watakaokwambia utumie systemctl disable gdm3. Sipendi njia hiyo. Kwenye Debian gdm haikuunganishwa kama huduma nyengine, na mara nyingi unaweza kuikataza leo na kesho ikarudi. Wengine watakwambia mask. Hiyo inashika, lakini inashika mno, maana hata wewe ukitaka kuiwasha kwa mkono inakataa mpaka uifungue kwanza. Wewe unaihitaji kila mwezi, basi set-default ndiyo saizi yako.

Siku ya hesabu:

sudo systemctl start gdm3

Skrini ya kijivu inakuja, shemeji anaingia, anafanya yake, anatoka. Halafu wewe, hata ukiwa kaunta na laptopu yako:

sudo systemctl stop gdm3

Na kwa kuwa binaadamu husahau hiyo ya pili, funga na mlango wa kulala wenyewe. Amri hii iandike mstari mmoja:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Baada ya hapo hata gdm ikiachwa wazi usiku kucha haina uwezo wa kuilaza. Kompyuta ya mezani inayofanya kazi ya seva haina sababu ya kulala hata siku moja.

Ukitaka kuonja kabla ya kubadilisha chochote: ikiwaka, kwenye orodha ya GRUB inayotokea kabla mfumo haujawaka, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika 3, kisha Ctrl na X. Itaingia skrini nyeusi mara hiyo moja tu. Ukiwasha tena inarudi ilivyokuwa.

---

babu_mkoani

Mwanangu, haya si mapya. Miaka ya tisini nilikuwa Maskati, ofisi moja ya ramani, tukitumia mashine za Sun. Zile zilikuwa na skrini yao ya kuingia ya CDE, upande wa picha wa zama hizo, na kila mashine iliyowekwa chumba cha nyuma tulikuwa tukiizima kwa amri moja:

/usr/dt/bin/dtconfig -d

Ukitaka irudi unaweka -e badala ya -d. Sababu ilikuwa hii hii, kumbukumbu kidogo na watu wanaochezea kisicho chao.

Baadaye Red Hat ilikuwa ni kufungua /etc/inittab, ukute id:5:initdefault: ufanye 3 (5 ni upande wa picha, 3 ni skrini nyeusi). Hiyo 3 aliyokwambia maalim uandike kwenye GRUB ndiyo hiyo, systemd (programu inayowasha huduma zote siku hizi) imeiweka kwa heshima ya wazee. Lakini ukikutana na maelezo mtandaoni yanayokutuma kwenye inittab, yapite. Debian ilihamia systemd tangu toleo la 8, mwaka 2015, na faili hilo ukilitafuta hulioni. Na hata zamani, kwa Debian, kubadilisha 5 kuwa 3 kulikuwa hakusaidii, namba 2 mpaka 5 zote zilikuwa kitu kimoja.

---

bi_steshenari_wete

Shikamoo babu. Maalim, ahsante sana, Mungu akuzidishie.

Nimetazama kwanza journalctl, na wallahi ipo: imewaka saa kumi na moja na robo alfajiri, imelala saa kumi na moja na dakika thelathini na sita. Nilikuwa nikidhani ni printa ndiyo inayovuta umeme.

Nimefanya set-default, nikafanya na ile ya mask, nikawasha upya. Skrini nyeusi imekuja, imeandikwa login. Free -h inaniambia kumbukumbu iliyotumika sasa ni kidogo sana, zamani kabla hujafungua kitu ilikuwa inakaribia GB nzima.

Ila mtandao hakuna. Ssh kutoka kwenye laptopu haifiki, kompyuta za mbele hazioni printa. Nimekwenda nyuma nikaingia kwa jina na neno la siri kwenye hiyo hiyo skrini nyeusi, bado. Nikapiga start gdm3, nikaingia upande wa picha, na waifai ikaja yenyewe! Nikatoka, ikakatika tena. Kompyuta ya nyuma inapata mtandao kwa kile kidude cha waifai cha USB, rauta iko mbele. Sasa waifai nayo inataka picha?

---

maalim_kikwajuni

Waifai haitaki picha. Inataka neno la siri, na neno la siri limefungiwa ndani ya akaunti yako. Aliyeiunganisha mara ya kwanza aliiunganisha kama mtumiaji wa kawaida, ikahifadhiwa kuwa mali ya mtumiaji huyo peke yake, na neno lenyewe likawekwa kwenye mkoba wa siri wa GNOME, ambao haufunguki mpaka uingie kwa picha. Kabla ya leo hukuona tatizo kwa kuwa ulikuwa ukiingia kila asubuhi.

Na hii inaeleza jengine. Zile siku umeme uliporudi bila wewe kuwepo, hata kabla ya dakika 20 kwisha seva yako haikuwa kwenye mtandao. Ilikuwa macho lakini hakuna aliyeweza kuifikia.

Nenda nyuma, ingia kwenye skrini nyeusi, kwanza ujue jina la muunganisho:

nmcli connection show

Tuseme ni Duka. Angalia nani mwenyewe:

nmcli -f connection.permissions,802-11-wireless-security.psk-flags connection show Duka

Ukiona mstari wa kwanza una user: na jina lako, na wa pili una 1, basi ndiyo hayo niliyosema. Rekebisha:

sudo nmcli connection modify Duka connection.permissions ""
sudo nmcli connection modify Duka wifi-sec.psk-flags 0 wifi-sec.psk "neno-lako"
sudo nmcli connection up Duka

Mstari wa kati anza na nafasi moja kabla ya sudo. Kwa mipangilio ya kawaida ya Debian, amri inayoanza na nafasi haiandikwi kwenye kumbukumbu ya amri, la sivyo kijana yeyote atakayekaa hapo akabonyeza mshale wa juu atalisoma neno la waifai yako. Ukishamaliza, neno litakaa kwenye faili lililo ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections, na faili hilo hasomi isipokuwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Washa upya bila kuingia popote, kaa kaunta, jaribu ssh.

Halafu nikwambie la mtu mzima: kati ya chumba cha nyuma na kaunta hapazidi mita chache. Nunua waya wa mtandao, upitishe juu ya dari, uchomeke kwenye rauta. Seva kwa waifai ya kidude cha USB siipendi, hasa kidude kikipata joto.

---

fundi_chake

Naongezea kidogo tu, maana Maalim kashamaliza. Mie hapa Chake natumia laptopu iliyovunjika kioo kama seva ya duka, kwa sababu betri yake ndiyo UPS ya bure. Kwa laptopu, ukishaondoa skrini ya picha, kuna mlango mwengine wa kulala: kifuniko. Fungua /etc/systemd/logind.conf, mstari wa HandleLidSwitch uondoe alama ya #, andika HandleLidSwitch=ignore, washa upya. Vyenginevyo ukiifunika tu inazimia.

Na kama shemeji hataki kusubiri gdm, anaweza kuingia kwenye skrini nyeusi akaandika startx na picha ikaja kwake peke yake, ila kifurushi cha xinit kiwepo. Akitoka, picha inakufa yenyewe, hakuna cha kusahau kuzima. Kwa mtu wa mausi lakini, naona start gdm3 ndiyo itakayompa raha.

---

dogo_terminali

Hilo la Debian-gdm kuwa na umeme wake sikuwa nalo. Dada, usipige ile yangu.

---

bi_steshenari_wete

Imekubali. Ilikuwa user: na jina la mdogo wangu, si langu hata, maana akaunti ninayoingilia ni ile aliyoifungua yeye, na psk-flags 1. Nimewasha upya nikaenda kukaa mbele, nikasubiri, nikapiga ssh, ikafunguka. Kompyuta za mbele zimeona printa bila mtu kugusa kitu nyuma. Usiku nimezima swichi ya ukutani makusudi nikaiwasha tena, asubuhi nimeikuta macho. Waya nimeshaagiza, kijana atapitisha kwenye dari wiki hii akipata ngazi.

Swali langu la mwisho nisije nikawachosha. Zamani karatasi ikikwama au mtu akituma kurasa mia badala ya kumi, nilikuwa nafungua lile dirisha la printa nafuta kazi kwa mausi. Sasa kwa ssh nafanyaje?

---

maalim_kikwajuni

Orodha ya kazi zinazosubiri:

lpstat -o

Kila kazi ina jina la printa na namba, mfano Kubwa-143. Hiyo moja unaifuta hivi:

sudo cancel Kubwa-143

Ukitaka kufuta zote kwa pamoja ni sudo cancel -a, lakini angalia kwanza kama hamna kazi ya mteja aliyekwisha kulipa. Karatasi ikishatolewa na printa bado imenuna, piga lpstat -p. Ikisema disabled, iamshe:

sudo cupsenable Kubwa

Na kama unataka ukurasa wake wa kubofya, CUPS inao, uko mlango namba 631. Kutoka kwenye laptopu yako ingia hivi, jina na anwani uweke zako:

ssh -L 6310:localhost:631 jina@anwani

Kisha fungua localhost:6310 kwenye kivinjari cha laptopu. Utaiona printa ya chumba cha nyuma na foleni yake yote, na mausi yako utaitumia hapo hapo kaunta.